Mama, kabla ya kumlipa fundi wa BIOS

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Katuba, Lubumbashi: «Niko na Dell OptiPlex 7050 ku nyumba. Tuliinunua okazion, batoto banasomea na mimi nafanyia mahesabu ya duka. Inawaka polepole sana, na kila umeme ukikatika saa yake inarudia 2017, internet inakataa. Fundi anasema BIOS ni ya zamani, nimupe dola 25 aibadilishe, itaenda mbio na itapokea Windows 11. Lakini jirani walimufanyia vile, umeme ukaenda katikati, mashini ikakufa mpaka leo. Nifanye nini?»

Mama, hizo dola 25 zibaki kwanza mfukoni. Fundi hakukudanganya katika kila kitu: BIOS yako, yaani programu ya kwanza inayosomwa mashine ikiwaka, huenda ni ya zamani kweli, na ingekuwa mashine yangu ningeisasisha. Ila shida tatu ulizozitaja, yaani saa, mwendo wa polepole na Windows 11, hazitibiwi na BIOS hata moja.

Nianze na saa, ndiyo nyepesi. Ndani ya kompyuta, juu ya ubao mkuu, kuna betri bapa ya mviringo inayoitwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati mashine haina umeme. Kompyuta inayokaa kwenye plagi yenye umeme saa zote haiigusi sana betri hiyo. Hapa kwetu umeme ukikosekana nusu siku, au ukizoea kuchomoa waya kwa kuogopa radi, betri ndiyo inayobeba kazi yote, na yako yawezekana haijabadilishwa tangu kiwandani. Ikiisha, kila umeme ukikatika saa inaanza tena kwenye tarehe iliyowekwa ndani ya BIOS yenyewe. Ndiyo hiyo 2017 yako. Na intaneti inakataa kwa sababu tovuti nyingi leo zina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2017 inakiona cheti cha mwaka huu kama kitu ambacho hakijaanza kutumika, kwa hiyo inafunga mlango.

Zima mashine, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe, fungua mfuniko, toa betri na weka nyingine, upande wenye alama ya + ukitazama juu. Mafundi wa saa huwa nazo, na wanaotengeneza funguo za magari yenye rimoti pia, maana nyingi zinatumia namba hiyohiyo. Ukiwasha, gonga F2 ili kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya BIOS, weka tarehe na saa, hifadhi. Mtoto wa sekondari anaweza kukufanyia. BIOS mpya juu ya betri iliyokufa itakurudisha nyuma vilevile, pengine kwenye mwaka mwingine tu.

Kuhusu polepole: fungua kile Windows ya Kifaransa inakiita «Gestionnaire des tâches» mara tu mashine inapowaka, tazama mstari wa «Disque». Ukikaa kwenye 100 % kwa dakika nyingi huku processeur, ile chipu inayofanya mahesabu yote, ikipumzika, tatizo ni diski ya kuzunguka, ile ya zamani. Badala yake weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata ndogo ya GB 240, na mtashangaa nyote nyumbani. Kama RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni GB 4 tu, ongeza iwe 8. Fedha ya fundi ingefaa zaidi huko.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wa «BIOS ya kuongeza mbio» hawalisemi. Januari 2018 zilitangazwa kasoro mbili kubwa za processeur, Meltdown na Spectre, ambazo ziliruhusu programu moja kuchungulia siri za nyingine. Processeur za Intel za kizazi cha 6 na cha 7, ndizo zilizowekwa kwenye 7050, zilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Sehemu ya tiba ilipitia kwenye BIOS mpya, na tiba hiyo kwa baadhi ya kazi iliipunguzia mashine mwendo kidogo. Hutaona tofauti kwenye mahesabu ya duka, lakini anayekuahidi kwamba mashine itakimbia kwa sababu ya BIOS anakuuzia upepo.

Windows 11 nayo ina sharti lake. Orodha ya Microsoft ya processeur za Intel inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kizazi cha 7 ambazo hazimo katika mashine kama yako. BIOS haibadilishi kizazi cha processeur. Zipo njia za kuipita hiyo hatua ya ukaguzi wakati wa kusakinisha, na mafundi wa mjini wanazijua, lakini hizo ni mbinu za kusakinisha na hazina uhusiano na BIOS. Kwa upande wa Windows 10, msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Ingekuwa kwangu, mashine ya masomo ya watoto ningeifikiria Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Hilo tuliache kwa siku nyingine.

Sasa BIOS yenyewe. Ni programu dhibiti, programu ya kwanza kabisa inayosomwa ukibonyeza kitufe, kabla Windows haijaamka. Siku hizi ni ya aina iitwayo UEFI, ila sote tunaendelea kusema BIOS. Inakaa ndani ya chipu ndogo kwenye ubao mkuu, mara nyingi yenye miguu 8, ikiwa na nafasi ya megabaiti 16 au 32 hivi. Haikai kwenye diski. Ndiyo maana ukibadilisha diski BIOS inabaki ileile, na ndiyo maana ikiharibika kusakinisha Windows upya hakusaidii kitu.

Ili kujua yako ni ya lini, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, tafuta mstari «Version du BIOS/Date». Ukikuta tarehe ya 2022 au ya baadaye, acha, huna haraka yoyote. Ukikuta 2017, nakuambia isasishe mara moja, kwa utulivu, kisha usiiguse tena mpaka pawe na sababu. Kati ya 2017 na leo yamepita marekebisho mengi ya usalama: Meltdown na Spectre nilizozitaja, na mashimo mengine yanayomruhusu mshambuliaji kujificha chini ya Windows, mahali ambapo programu ya kuzuia virusi haifiki vizuri. Si kitisho cha hadithi. Kirusi kilichoitwa CIH kilikuwa kinafuta BIOS za watu tangu miaka ya mwisho ya 1990, na 26 Aprili 1999 kiliua mashine nyingi sana duniani kwa siku moja.

Lakini mimi si wa kukimbilia toleo jipya kwa sababu ni jipya. Januari hiyohiyo ya 2018 Intel ilitoa tiba ya kwanza, mashine zikaanza kujizima na kujiwasha zenyewe, mpaka Intel ikawaambia watengenezaji wasimamishe kuisambaza. Waliosubiri wiki chache hawakupata shida hiyo. Kinyume chake, kama swali hili lingeletwa na kijana mwenye processeur ya Intel ya kizazi cha 13 au 14 ya mezani, ningemwambia aifanye wiki hii: aina kadhaa za hizo zilikuwa zinajipa volti kubwa kupita kiasi na kujiharibu polepole, na BIOS zenye marekebisho zilianza kutoka Agosti 2024. Zinazuia madhara, ila processeur iliyokwisha kuumia hazirudishi. Kwa hiyo soma kwanza toleo linarekebisha nini, halafu uamue.

Tuje kwenye kifo cha mashine ya jirani yako, maana hapo ndipo hofu ilipo, na hofu hiyo ina msingi. Wakati wa kusasisha, chipu inafutwa kipande kwa kipande na kuandikwa upya. Kazi inachukua dakika chache, mara nyingi chini ya 10. Umeme ukiondoka katikati, nusu ya chipu ina maandishi mapya na nusu ni tupu. Kesho ukibonyeza kitufe, processeur inakwenda pale kusoma amri yake ya kwanza na haiikuti. Feni inaweza kuzunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Hakuna kilichoungua. Kilichopotea ni maandishi.

Kwa laputopu yenye betri nzima hatari hiyo ni ndogo sana, na Dell kwa kawaida hukataa hata kuanza kama chaja haijachomekwa. Ya mezani haina betri ya kuibeba, na hapa Lubumbashi hujui umeme utakatika saa ngapi. Unahitaji UPS, kisanduku chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, ile wengi wanaiita onduleur. Usiichanganye na régulateur. Régulateur inasawazisha volti jirani anapowasha mashine ya kuchomelea na taa zako zinapofifia, lakini haina akiba ndani yake. Umeme ukienda, nayo inakwenda. Nyumba nyingi zina régulateur na wenyewe wanadhani wamelindwa.

UPS nayo usiiamini kwa sababu taa yake ni ya kijani. Nyingi ndogo zina betri ya risasi ya volti 12, na betri hizo huchoka baada ya miaka 3 hadi 5, mapema zaidi mahali ambapo zinaisha na kujazwa kila siku. Kwa hiyo ijaribu. Chomeka kompyuta na kioo peke yake kwenye UPS, bila printa, washa kompyuta, ingia kwenye ukurasa wa F2 ambako hakuna kazi ya kuharibika, halafu chomoa UPS ukutani kwa mkono wako. Hesabu dakika 15. Kompyuta ikizimika mara tu ulipochomoa, yaweza kuwa betri imekufa, au UPS yako inatoa umeme wa mawimbi ya kukatakata ambao baadhi ya pawasaplai za kisasa (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) hazivumilii. Kwa vyovyote vile, UPS hiyo haifai kwa kazi hii, azima nyingine. Ikivumilia dakika 15, irudishe ukutani, iache ijae kwa saa kadhaa, ndipo ufanye kazi.

Jenereta peke yake siipendi, kwa sababu petroli inaisha na mzigo ukipanda mwendo wake unayumba. Sola yenye betri na konvatisa nzuri, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inafaa, mradi uijaribu kwa namna ileile. Na usifanye wakati mawingu yamejikusanya. Kuanzia Novemba mpaka Machi radi za hapa hazina mzaha, na UPS ya bei ndogo haizuii radi.

Faili ulichukue kwa Dell wenyewe, kwenye tovuti yao ya msaada. Nyuma au ubavuni mwa mashine kuna kibandiko chenye Service Tag, herufi na namba 7. Iandike pale, nao watakupa BIOS ya mashine hiyo na si ya ndugu yake anayefanana nayo. Ni mega chache tu, bando la kawaida linatosha. Soma maelezo yaliyo chini ya faili: pengine wanataka upitie kwanza toleo la katikati kabla ya kufika la mwisho, hasa unapotoka mbali kama 2017. Wakisema hivyo, fuata. Usichukue faili kutoka tovuti za «download ya bure», wala programu zinazojidai kusasisha kila kitu kwa kubonyeza mara moja, wala kwenye flashi ya fundi asiyeweza kukuambia alilitoa wapi.

Kabla ya kuanza, ingia F2 na upige picha za kurasa zote kwa simu. Unaweza kuona ni kazi ya bure, ila kuna mstari mmoja ambao umewasumbua wengi: SATA Operation, unaopanga jinsi kompyuta inavyozungumza na diski. Dell nyingi kwa asili ziko kwenye «RAID On», lakini mafundi wanaposakinisha Windows kwenye mashine za okazion mara nyingi wanaiweka «AHCI». Baada ya kusasisha, mipangilio ikirudi ya kiwandani, Windows haitaiona diski, itatoa ukurasa wa bluu, na mtu atakuambia BIOS imeua diski. Haijaua. Rudisha neno lililokuwa kwenye picha yako, itawaka.

Humohumo F2 utajua kama kuna neno la siri la msimamizi. Mashine za okazion nyingi zilitoka maofisini Ulaya au Marekani, na wengine waliziuza bila kuliondoa. Likiwepo, kusasisha kutakataliwa mpaka lifunguliwe. Kwenye ubao wa OptiPlex kuna kidaraja kilichoandikwa PSWD cha kazi hiyo, na hapo mwite fundi bila aibu. Angalia pia kama BitLocker, kufuli la Windows linaloficha yaliyo kwenye diski, inafanya kazi. Kama inafanya, isimamishe kwa muda, na ufunguo wake wa tarakimu 48 uandike kwenye karatasi, la sivyo Windows itakuuliza ufunguo huo baada ya kusasisha na hutakuwa nao. Mahesabu ya duka yanakili kwenye flashi nyingine. BIOS haigusi diski, lakini mahesabu yaliyo mahali pamoja tu ni hatari siku yoyote.

Kazi yenyewe ni fupi kuliko maandalizi. Weka faili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 (chagua neno hilo Windows inapoifomati), zima, chomeka flashi, washa huku ukigonga F12. Kwenye orodha chagua «BIOS Flash Update», tafuta faili. Itakuonyesha toleo lililopo na toleo linalokuja: hakikisha ndiyo unayotaka, kubali. Napenda njia hii kuliko kubonyeza faili ndani ya Windows, hasa kwa Windows inayohangaika kama yako. Kuanzia hapo mikono mbali. Feni itanguruma kwa nguvu kuliko ulivyowahi kuisikia, kioo kitakuwa cheusi kwa muda, mashine itajizima na kujiwasha, labda zaidi ya mara moja. Watu wengi wanaoua mashine zao wanaiua hapo: wanaona giza, wanaogopa, wanabonyeza kitufe. Ipe nusu saa nzima kabla hujasema imekwama. Na mweleze kila aliye nyumbani asiguse plagi. Mtoto anayetafuta mahali pa kuchajia simu ni hatari sawa na umeme kukatika.

Ukiona ni mengi, mpe fundi, hakuna ubaya. Ila muulize kabla: faili ametoa wapi, kwa Service Tag gani, atatumia UPS ipi, na ikifa atafanya nini. Akijibu la mwisho kwa kusema «haiwezi kufa», mshukuru na mtafute mwingine. Anayejua kazi atakuambia habari za kuokoa chipu, na hapo ndipo jirani yako anahusika.

Mwambie jirani asiitupe wala asiiuze kama chuma. Kama ni Dell ya kuanzia 2016 hivi, ajaribu kwanza kushika Ctrl na Esc pamoja wakati wa kuiwasha. Nyingi zinatunza nakala ya BIOS kwenye diski kwa ajili ya siku kama hiyo na zinaweza kujirudisha zenyewe, kwa hiyo diski yake ya zamani iwe bado ndani. Kama kioo kinabaki cheusi, atafute fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu. Kinachotumika sana kinaitwa CH341A, ni cha bei ndogo, kina klipu inayobana ile miguu 8 bila kuing'oa chipu. Fundi mzuri husoma kwanza kilichobaki ndani ya chipu na kukihifadhi, kwa sababu humo mna Service Tag na namba ya kadi ya mtandao, kisha ndipo anaandika BIOS safi. Aangalie pia chipu ni ya volti 3.3 au 1.8, maana kifaa kilekile bila adapta kinaweza kuichoma ya 1.8. Jirani aende na mashine nzima, waya wake, na namba ya modeli imeandikwa kwenye karatasi, na amweleze fundi ukweli kwamba umeme ulikatika katikati ya kusasisha. Hilo litamwokolea fundi siku nzima ya kutafuta ugonjwa kwenye RAM na pawasaplai.